Rada Haijui Kusema "Ngoja"

Wako watu, na miongoni mwao wamo wasomi wasio haba, ambao kila wasikiapo habari za uongozaji wa ndege hubetua midomo na kusema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Mwalimu wa Soni, husema watu hao, ana shida zake za madawati na msongamano wa darasani. Karani wa tarafa ana majalada yake. Mkulima wa kabichi anangoja lori limteremshie mzigo Mombo kabla haujanyauka. Ndege zirukazo Dar es Salaam zinawahusu nini watu hawa? Dhana hiyo imekaa vichwani kwa muda mrefu, na kwa kuwa inasemwa na wenye sauti imeanza kuchukuliwa kuwa ni hekima. Haina budi kupingwa.

Mwalimu wa jiografia achukue ramani ya Afrika Mashariki na rula, auunganishe mji wa Dar es Salaam na Nairobi kwa mstari mmoja ulionyooka. Atauona mstari huo ukipanda juu ya Usambara Magharibi na kupita karibu kabisa na Soni yenyewe. Ni kweli kwamba ndege hazifuati rula, maana njia za angani nazo zina kona na vituo vyake. Lakini ramani hiyo yatosha kuonyesha kwamba anga lililo juu ya soko la Soni ni sehemu ya barabara kuu, na kwamba ndege mbili zikiachiwa vibaya Dar es Salaam, kosa hilo halibaki Dar es Salaam.

Tena watu wa Soni wanalijua jambo hili kuliko wanavyodhaniwa. Barabara ipandayo kutoka Mombo ni nyembamba, ina kona kali, upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde. Dereva aijuaye hupiga honi kabla ya kona, na akisikia honi ya mwenzake hutafuta mahali penye upana akasimama. Hakuna amwitaye mwoga. Mabasi mawili yakifuatana, abiria wenyewe hudai lile la nyuma liache nafasi, kwa kuwa wanajua breki ni chuma na chuma huchoka. Yakifika Soni, moja likashika njia ya Bumbuli na jingine likaendelea Lushoto, hofu huisha papo hapo, kwani kila moja limepata njia yake.

Sheria za kuziachanisha ndege zinazoondoka, ambazo mataifa yamekubaliana kwa njia ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, zimejengwa juu ya akili hiyo hiyo. Pasipo rada, ndege mbili zikiruka kutoka njia moja na mara baada ya kuruka zikaachana kwa pembe ya digrii 45 au zaidi, dakika 1 kati yao yatosha. Hiyo ndiyo njia panda ya Soni. Zikishika njia moja, na ile ya mbele ikawa inaizidi ya nyuma mwendo kwa kilomita 74 kwa saa au zaidi, zinatakiwa dakika 2. Na ikiwa ile ya nyuma itapanda hadi kukipita kimo cha ile ya mbele, dakika hizo huwa 5. Hakuna uchawi hapo. Mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuzikokotoa hesabu hizi akipewa mwendo na muda.

Yuko adui mwingine asiyeonekana hata siku ya jua kali. Ndege nzito iinukapo, hewa ipitayo kwenye ncha za mabawa yake hujisokota na kuacha nyuma vimbunga viwili vyenye nguvu ya kutisha. Rubani wa ndege ndogo akiingia humo aweza kubinuliwa kama ungo katika upepo. Uwanja wa Dar es Salaam ni mahali ambapo hatari hiyo haikosekani: ndege ya Dreamliner ya Shirika la Ndege la Tanzania, ambayo ikijazwa uzito wake hupita tani 220, inatumia uwanja mmoja na ndege za injini moja ziendazo Zanzibar, ambazo zikijazwa hazifiki hata tani 5. Sheria yasema ndogo ingoje dakika 2 nyuma ya nzito. Ikiwa ndogo haianzii mwanzo wa njia ya kurukia bali inaingilia katikati, basi ingoje 3. Abiria walioketi humo, mmoja ana mkutano Unguja na mwingine anawahi mazishi, huziona dakika hizo kuwa ni uzembe wa wafanyakazi wa Serikali. Hawaoni kitu kinachozunguka mbele yao.

Sasa ije habari ya rada, neno ambalo Watanzania walilijua kwa ubaya wake kabla ya kulijua kwa kazi yake. Mwaka 2001 nchi hii, ambayo wakati huo ilikuwa ikiomba kufutiwa madeni, ilikubali kununua mtambo wa rada kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Wataalamu walisema bei ni kubwa mno na mtambo wenyewe haukufaa ipasavyo kwa kazi za kiraia. Huko Uingereza kwenyewe waziri wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, aliupinga uuzaji huo ndani ya serikali yake mwenyewe. Desemba 2010 kampuni hiyo ilifikishwa mahakamani London, ikakiri kutoweka sawasawa kumbukumbu za hesabu zake, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo wananchi waliziita chenji ya rada. Zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwa hiyo mwalimu aliyekuwa akisema kwamba rada haimhusu huenda siku hiyo hiyo alikuwa amesimama mbele ya darasa na kitabu cha rada mkononi.

Mkasa ule uliacha kasumba mbili, na zote mbili ni mbaya. Kasumba ya kwanza ni kuamini kwamba kila senti inayotengwa kwa ajili ya usalama wa anga ni ulaji. Mtu akitaja mnara wa kuongozea ndege, msikilizaji huuliza ni nani amekula. Swali hilo ni halali, na yampasa kila mwananchi aendelee kuliuliza. Lakini likigeuka kuwa swali pekee, linafunga mlango wa kuuliza kama kazi yenyewe inafanyika.

Kasumba ya pili ni hatari zaidi kwa sababu inavaa joho la maendeleo. Hii inasema: tatizo lilikuwa mtambo mbovu wa bei mbaya, tununue mtambo mzuri kwa bei nzuri na usalama utakuwa umepatikana. Mwaka 2017 Serikali ilitia saini mkataba wa rada nne, kwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa gharama ya yapata shilingi bilioni 67. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima na haifai kubezwa. Kinachofaa kubezwa ni vile vifijo vya wale wanaodhani kwamba mitambo hiyo ndiyo iachanishayo ndege.

Ukweli ni kwamba rada haiongezi nafasi kati ya ndege na ndege. Inaipunguza. Mahali pasipo na rada, mwongoza ndege hutegemea saa, redio na taarifa za rubani, na kwa kawaida huziacha ndege mbili za kimo kimoja na njia moja ziwe mbali kwa dakika 10. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, dakika 10 ni kilomita 150, sawa na safari ya kutoka Dar es Salaam hadi karibu na Morogoro ukipima kwa rula. Rada ikiwapo, nafasi hiyo yaweza kushushwa hadi maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na ushei, na karibu na uwanja ikashushwa tena hadi maili 3. Hiyo ndiyo faida yake: anga lile lile linabeba ndege nyingi zaidi. Lakini mtu aliyekuwa na dakika 10 za kusahihisha kosa lake sasa anazo sekunde chache. Taifa linaponunua rada limenunua pia wajibu wa kumweka mbele ya rada hiyo mtu aliyefundishwa vizuri zaidi, aliyepumzika zaidi, na asiyeachwa peke yake.

Nchi tajiri zililipia somo hilo kwa damu. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, ndege ya abiria ya Kirusi iligongana na ndege ya mizigo. Watu 71 walikufa, wengi wao wakiwa watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo. Anga hilo lilikuwa likiongozwa kutoka Zurich, Uswisi, nchi ambayo hakuna awezaye kuiita maskini wa mitambo. Rada ilikuwapo. Lakini usiku huo mitambo ilikuwa katika matengenezo, simu hazikufanya kazi ipasavyo, na chumbani alikuwamo mwongoza ndege mmoja akihudumia meza mbili, kwa kuwa mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika kama ilivyokuwa desturi iliyovumiliwa na wakubwa wao. Alipogundua kwamba ndege mbili zimo katika kimo kimoja, sekunde zilikuwa zimekwisha. Neno "ilivyokuwa desturi" lisomwe mara mbili na kila mkuu wa idara ambaye zamu zake zinajazwa kwa majina ya watu wasiokuwapo.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Tenerife. Mwaka 1977 hukumbukwa katika Afrika Mashariki kuwa ndio mwaka ambao Jumuiya ilivunjika, na pamoja nayo huduma zake za pamoja za anga, Tanzania ikalazimika kusimamisha idara yake yenyewe na kufanya kazi, katika sehemu kubwa ya anga lake, kwa saa ya ukutani, vipande vya karatasi vyenye majina ya ndege, na akili za watu. Mwaka huo huo, tarehe 27 Machi, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya Uholanzi na nyingine ya Marekani, zilikuwa zimeelekezwa hapo pasipo kutarajiwa kwa sababu bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja zilikokuwa zikienda. Uwanja ulikuwa mdogo na umejaa. Ukungu, ambao mtu wa Usambara hahitaji kuelezwa ulivyo, ulishuka hata mnara haukuziona ndege wala ndege hazikuonana.

Nahodha wa ndege ya Kiholanzi alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa aina hiyo ya ndege katika shirika lake, mtu ambaye picha yake ilitumika katika matangazo ya biashara. Saa za kazi walizoruhusiwa na sheria zilikuwa zikikaribia kwisha; akikawia, angelazimika kulala hapo na abiria wake wote. Akiwa mwanzo wa njia ya kurukia alipewa maelekezo ya kufuata baada ya kuruka. Ruhusa ya kuruka hakupewa. Akaiondoa ndege. Mnara ulijibu kwa neno moja la kukubali, kisha ukamwambia asubiri. Wakati huo huo Wamarekani nao wakatangaza kwamba bado wamo njiani. Sauti zikagongana hewani. Neno la kukubali lilisikika vizuri, la kusubiri likamezwa na mlio.

Ndani ya chumba cha marubani alikuwamo mhandisi wa ndege, mdogo kwa cheo mbele ya nahodha huyo mashuhuri. Yeye aliyasikia maneno ya Wamarekani, akauliza kama kweli wamekwisha kutoka njiani. Nahodha alijibu kwa mkato kwamba wametoka. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege mbili iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Watumishi wa Serikali wanaosoma habari hii hawahitaji kufasiriwa. Katika ofisi ngapi karani ameona jalada halijakamilika, akauliza mara moja kwa sauti ya chini, akajibiwa kwa mkato, akanyamaza? Huko ofisini kosa hilo huzaa hati yenye dosari, nayo hati yaweza kuandikwa upya. Kwenye mnara na katika chumba cha marubani haliandikwi upya. Ndiyo maana uongozaji wa ndege umempa mtumishi wa kawaida, pengine kijana mwenye mshahara wa kawaida, mamlaka ambayo mahali pengine serikalini ni adimu: kumwambia mtu yeyote, awe bilionea, awe waziri, "Ngoja," naye akangoja. Rada itaonyesha nukta mbili zikisogeleana. Haijui kulitamka neno hilo. Anayelitamka ni mtu, naye atalitamka iwapo tu anajua kwamba kesho hataitwa mbele ya mkubwa kueleza kwa nini alimchelewesha fulani.

Baada ya Tenerife lugha yenyewe ilisafishwa. Neno la Kiingereza la kuruka halitamkwi redioni isipokuwa pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo husemwa "kuondoka" tu, ili sikio la mtu mwenye haraka lisichague kusikia linachokitaka. Rubani harudishi jibu la "sawa". Huyarudia maelekezo yenyewe ili mnara uhakikishe kwamba yamefika. Na tangu mwaka 2008 Shirika la Kimataifa linataka marubani na waongoza ndege wanaotumia Kiingereza katika safari za kimataifa wawe wamepimwa, na kiwango cha chini kinachokubalika ni cha 4 katika ngazi 6. Walimu wa lugha wajue basi kwamba mtoto anayeachwa apite darasa baada ya darasa akikisia maneno, mradi jibu lifanane na lile la ubaoni, aweza siku moja kukaa mnarani. Ni kazi ya mwalimu wa shule ya kata kumzoeza mtoto kusema, bila aibu, "Sikuelewa, rudia."

Asije mtu akasema hayo ni ya Ulaya. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44, iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Waliokuwamo katika ndege ndogo, mwalimu na mwanafunzi wake, walikufa, na mabaki yakaangukia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kugawa lawama ni kazi ya wachunguzi, si ya gazeti. Lakini Wilson ni uwanja ambao ndege za watalii, za mafunzo na za abiria huruka na kutua mahali pamoja siku nzima, na viwanja vya namna hiyo havipo Kenya peke yake. Kila mwaka watalii wanaongezeka, kila mwaka kampuni ndogo za ndege zinaongezeka, na kila mmoja anataka kuruka asubuhi.

Hapo ndipo penye vita. Biashara inahesabu dakika, nayo ina haki ya kuzihesabu. Lakini ikiwa meneja atapimwa kwa idadi ya ndege zilizoondoka kwa wakati peke yake, basi atazitafuta dakika zake mahali zilipo, na zilipo ni katika ile nafasi iliyoachwa kati ya ndege na ndege. Haifai mwongoza ndege aandikwe kuwa chanzo cha uchelewaji pale alipotimiza sheria. Haifai zamu ya watu wawili ifanywe na mmoja kwa hoja kwamba usiku ndege ni chache; Zurich nako zilikuwa chache. Haifai Chuo cha Usafiri wa Anga cha Dar es Salaam kikumbukwe siku ya mahafali tu, hali kila mtambo mpya unadai watu wake miaka kadhaa kabla haujawashwa, kwa sababu mwongoza ndege hapatikani kwa zabuni.

Waheshimiwa wabunge watakapokaa Dodoma kuisikiliza bajeti ya uchukuzi, wataelezwa idadi ya rada, kilomita zinazofikiwa na idadi ya abiria waliosafiri. Waulize mengine. Ni waongoza ndege wangapi wanaokaa katika kila zamu, na sheria inataka wangapi? Mmoja wao hufanya kazi saa ngapi mfululizo kabla ya kupumzika? Ni mara ngapi katika mwaka ndege mbili zilikaribiana kuliko ilivyoruhusiwa, na aliyetoa taarifa hiyo alipewa nini, shukrani au barua ya onyo? Majibu yake yachapishwe magazetini kwa tarakimu, kama ilivyochapishwa bei ya rada ya mwaka 2001.